Kufunga Kamera ya Ulinzi ya Mtandao

Kamera ya ulinzi ya mtandao ni kompyuta ndogo iliyofungwa nyuma ya lenzi. Ina kichakataji chake, kumbukumbu yake, anwani yake kwenye mtandao, na programu inayoibana picha kabla ya kuituma kwenye waya. Kamera za CCTV za zamani hutoa mawimbi ya video tu, na kazi nyingine yote huachiwa rekoda. Kamera ya kwanza ya mtandao kuuzwa sokoni ilitoka kampuni ya Axis ya mjini Lund, Sweden, mwaka 1996. Picha ndogo iliituma moja kwa sekunde. Picha kubwa ilichukua sekunde 17. Leo kamera ya bei ya kawaida inayouzwa Kariakoo au Luthuli Avenue hutuma picha 25 kwa sekunde, na kila moja ina pikseli milioni mbili au zaidi.

Kwa hiyo anayefunga kamera hii ana kazi ya ngazi na drili, halafu ana kazi ya kompyuta. Nyingi ninazoitwa kuzikagua zimefanyiwa ile ya kwanza tu.

Niliwahi kuketi na mama mmoja mwenye duka la vipuri, tukitazama picha za usiku alioibiwa. Kamera zake nne zote zilikuwa zinafanya kazi. Tulimwona mwizi akiingia, akizunguka rafu, akitoka na boksi begani. Tulimwona kofia, mabega na viatu. "Fundi, mbona sura yake haionekani?" aliniuliza. Nikainua macho kuitazama kamera: ilikuwa juu karibu na kenchi, mita nne na ushee kutoka sakafuni. Sikuwa na la kumjibu isipokuwa, "Pole mama, tutaishusha."

Kabla ya kutoboa ukuta, basi, mwenye nyumba aseme anataka kuona nini mahali pale. Kiwango cha kimataifa cha IEC 62676-4, katika toleo lake la mwaka 2014, kililipa jambo hili hesabu. Ili kujua kwamba kuna mtu tu, kila mita moja ya upana wa eneo linaloonekana ipate pikseli 25. Ili kumtambua mtu unayemfahamu, pikseli 125. Ili kuithibitisha sura ya mtu usiyemjua, pikseli 250. Kamera ya kawaida ina pikseli 1920 kwa upana. Gawanya kwa 250, unapata mita 7.7. Eneo likizidi upana huo, sura ya mgeni haisomeki vizuri, hata kama picha inaonekana safi kwenye simu.

Upana huo unaamuliwa na lenzi. Lenzi ya milimita 2.8, ambayo ndiyo huja na kamera nyingi za bei nafuu, huona pembe ya takribani digrii 100. Inafurahisha machoni kwa sababu inameza uwanja mzima, lakini inafikia ule upana wa mita 7.7 ikiwa umbali wa mita 3 na kidogo tu. Mtu aliye getini, mita 10 kutoka hapo, anabaki kuwa umbo. Lenzi ya milimita 6 huona takribani digrii 50, nayo inasoma sura hadi mita 8 hivi. Ndiyo maana nyumba yenye geti la mbali inahitaji kamera ya lenzi pana kwa ajili ya uwanja, na nyingine ya lenzi nyembamba iliyoelekezwa getini peke yake. Mteja akiwa na fedha za kamera nne, mimi humshauri mbili kati ya hizo zitazame milango, maana ukutani mwizi anaweza kuruka popote, lakini mwenye mzigo hutafuta mlango.

Urefu nao una hesabu yake. Kamera iliyo mita 4 juu, mtu akiwa mita 3 mbele yake, humtazama kwa mteremko wa karibu digrii 39, na kofia ya kawaida inatosha kuuficha uso wote. Ukiishusha hadi mita 2.5, mteremko unabaki digrii 17 hivi. Wengi huogopa kwamba kamera ya chini itang'olewa. Hofu hiyo ina msingi, na dawa yake ni kamera ya kuba yenye kifuniko kigumu, au kamera ya pili inayoilinda ya kwanza.

Jua nalo lipangiwe. Mlango unaotazama mashariki, kamera ikiwa ndani na kuuelekea, kila asubuhi utaonyesha watu weusi tititi kwenye mwanga mweupe. Kamera zenye uwezo wa kusawazisha mwanga mkali na kivuli, unaoandikwa WDR kwenye boksi, hupunguza tatizo, lakini kuisogeza kamera pembeni mwa mlango hulimaliza.

Usiku kamera huwasha taa zake za mwanga usioonekana kwa urahisi, mara nyingi wa nanomita 850, ambao jicho huuona kama wekundu hafifu tu. Mwanga huo hupiga kitu cha karibu kwanza. Ukingo wa paa, bomba la maji ya mvua au ukuta mweupe ukiingia hata kwenye kona ya picha, kamera hujirekebisha kwa ajili yake, na uwanja uliobaki huzama gizani. Joto na mwanga huo huvuta wadudu, wadudu huvuta buibui na mjusi kafiri, na uzi mmoja wa buibui mbele ya lenzi hung'aa kama kamba nyeupe. Mvua za kwanza zikinyesha na kumbikumbi wakatoka, simu ya mwenye nyumba hulia tahadhari usiku kucha. Kitambaa kikavu kila wiki mbili kinafanya kazi kubwa hapa. Katika miji ya pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, ongeza maji baridi: chumvi ya bahari hukaa juu ya kioo na kula skrubu za chuma cha kawaida, kwa hiyo tumia zisizoshika kutu.

Waya unaofaa ni kebo ya mtandao ya Cat5e au Cat6, ambayo hupitisha data na umeme kwa pamoja. Utaratibu huo, unaojulikana kama PoE, ulipata kiwango chake mwaka 2003: swichi hutoa hadi wati 15.4 kwa kila tundu, na kifaa cha mwisho huhakikishiwa wati 12.95, kwa sababu nyingine hupotea njiani. Kamera nyingi zisizozunguka hazifiki hapo. Mwisho wa kebo ni mita 100. Tatizo kubwa ninaloliona madukani ni kebo ya aluminiamu iliyopakwa shaba, ambayo huuzwa kama shaba tupu. Chukua wembe, kwangua uzi mmoja. Ukigeuka mweupe chini ya rangi, irudishe. Kwenye mita 60 kebo hiyo hupoteza umeme kiasi kwamba kamera hufanya kazi mchana vizuri, kisha ikiwasha taa zake za usiku hujizima na kujiwasha mpaka alfajiri. Mafundi wamebadilisha kamera nzima kwa kosa la waya.

Nyaya nane ndani ya kebo zimesokotwa mbili mbili, na mpangilio uliozoeleka kwenye konekta ni nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Mtu anaweza kubuni wake na kuurudia upande wa pili, na kipimo cha taa nane kikawaka bila kasoro. Lakini msokoto ndio unaozuia kelele kati ya jozi na jozi, na mpangilio wa kubuni huzitenganisha jozi zenyewe. Picha zitakwamakwama na hutajua sababu. Kebo inapoingia ukutani, iache ining'inie chini kidogo ya tundu kabla ya kupanda, ili maji ya mvua yadondoke hapo badala ya kufuata waya hadi ndani. Kiungo cha mkia wa kamera kikae ndani ya boksi lililozibwa, kisiachwe kikining'inia nje.

Swichi, rekoda na ruta viwe kwenye UPS, yaani betri ya akiba. Bila hiyo, umeme ukikatika kamera nazo zinazimika, na giza la mtaa mzima ni wakati ambao ulinzi unahitajika kuliko wakati wowote.

Sasa ngazi inawekwa pembeni. Kila kamera inahitaji anwani isiyobadilika. Ruta ikiwa 192.168.1.1, kamera nne zinaweza kupewa 192.168.1.101 hadi 104, mradi ziwe nje ya fungu ambalo ruta hugawia simu na kompyuta za nyumbani. Usipofanya hivyo, umeme ukirudi usiku mmoja ruta itazigawa anwani upya, na rekoda itakuwa inatafuta kamera mahali ilipokuwa jana. Kama kamera na rekoda ni za kampuni tofauti, hakikisha zote zinafuata ONVIF, lugha ya pamoja iliyoanzishwa mwaka 2008 na Axis, Bosch na Sony.

Nenosiri la kiwandani libadilishwe kabla kamera haijagusa intaneti. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai ilizunguka dunia ikijaribu orodha ya takribani majina 60 ya kiwandani pamoja na nywila zake, na ikateka maelfu kwa maelfu ya kamera, rekoda na ruta. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilielekezwa kuishambulia kampuni ya Dyn, iliyotegemewa na tovuti nyingi, na Twitter na Netflix zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa katika sehemu kubwa ya Marekani na Ulaya. Wenye kamera hawakujua lolote. Picha zao ziliendelea kuonekana kama kawaida. Uingereza, tangu Aprili 2024, imepiga marufuku kuuza vifaa vya aina hii vyenye nenosiri moja kwa wote.

Saa ndiyo mpangilio unaopuuzwa kuliko yote, na ndiyo huvunja ushahidi. Kamera nyingi hutengenezwa China na nyingine hufika zikiwa na saa za huko, ambazo ziko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa tano. Wizi wa saa tatu usiku utaandikwa 02:00, na tarehe ya kesho yake. Weka UTC+3, kisha iambie kamera ijirekebishe yenyewe kupitia seva ya saa kwenye intaneti, maana saa ya ndani huteleza kwa sekunde kadhaa kila wiki. Juu ya hapo kuna jambo letu wenyewe. Kamera huandika 21:00, shahidi anasema saa tatu, na asiye makini anaandika 03:00 kwenye maelezo. Ninapokabidhi kazi huwa nabandika karatasi ndogo pembeni ya rekoda: 19:00 ni saa moja usiku, 21:00 saa tatu, 00:00 saa sita. Hapo hapo weka mpangilio wa umeme wa hezi 50, ambao ndio wa Kenya na Tanzania. Ukiachwa 60, taa za tyubu huchora mistari inayopanda na kushuka kwenye picha.

Kuhifadhi ni hesabu ya shule. Kamera inayotuma megabiti 4 kwa sekunde hujaza gigabaiti 43 kwa siku. Kamera nne ni 173, na diski ya terabaiti moja haimalizi siku ya sita kabla ya kuanza kufuta za mwanzo. Mwenye duka anayehesabu stoo kila mwisho wa mwezi anagundua wizi siku ya 28, wakati picha zake zimefutika siku nyingi. Ubanaji wa H.265 badala ya H.264 hupunguza mzigo kwa karibu nusu, na kurekodi pale tu kitu kinaposogea hupunguza zaidi, ingawa mlangoni mimi hupendelea irekodi muda wote. Kutazama ukiwa mbali nako kuna gharama: kwa megabiti 4, bando la gigabaiti moja huisha kwa dakika 33. Tumia mkondo mdogo wa picha, ambao karibu kila kamera inao, na bando hilo hilo hudumu zaidi ya saa nne. Njia ya kuingilia iwe VPN au programu ya mtengenezaji iliyolindwa kwa nenosiri imara. Kufungua mlango wa ruta moja kwa moja kuelekea kwenye kamera ni kualika yale ya 2016.

Kamera huona pia watu wasio na kosa. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na picha ya mtu anayetambulika ni taarifa yake. Mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua, katika kesi ya mwenye nyumba mmoja wa Ucheki, kwamba kamera ya nyumbani inayorekodi hadi barabarani haiwezi kuhesabiwa jambo la kifamilia tu. Karibu kila kamera ina uwezo wa kuziba sehemu ya picha kwa kisanduku cheusi. Kitumie juu ya dirisha na uwanja wa jirani, naye aonyeshwe. Dukani weka bango. Chumba cha dada wa kazi na mahali anapobadilishia nguo pasiwe na kamera hata kidogo, na zile za sebuleni na jikoni aambiwe siku anayoanza kazi.

Usiku wa kwanza, kabla ya kumlipa fundi, mtu mmoja wa nyumbani avae kofia atembee kutoka getini hadi mlangoni bila kuinua uso, taa za nje zikiwa zimezimwa. Kisha fungua rekoda yenyewe, uiache picha ya moja kwa moja, utafute dakika ile kwa saa iliyoandikwa na uisimamishe picha mtu akiwa mlangoni. Uso usiposomeka, shusha kamera nusu mita, mtu atembee tena, na silikoni ya kuziba matundu isubiri.