Rosa Mistika na Fimbo ya Baba

Mwanafunzi wa Marangu akikuuliza aanze na riwaya gani ya mapenzi, mpe Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi. Ilitoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku mashuleni, eti itaharibu vijana. Hivi walioifungia waliisoma kweli? Huko Ukerewe, Zakaria anampiga bintiye Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana. Rosa anakua akiogopa wanaume bila kuwajua; uhuru anaupata mbali na nyumbani, nao unamwangamiza. Kinacholaumiwa hapo si mapenzi, ni malezi ya fimbo. Miaka baadaye riwaya hiyo ikaruhusiwa, ikawa ya kufundishia sekondari. Basi Marangu, penye chuo cha ualimu, walimu watarajiwa waisome kwanza, halafu wawaazime wazazi.