Rojo la hamira

Rojo la hamira (pia: kiini cha hamira) ni chakula kizito cha rangi nyeusi au kahawia iliyokolea, chenye chumvi nyingi, kinachotengenezwa kwa hamira iliyobaki baada ya kutengeneza bia. Kwa kawaida hupakwa juu ya mkate, lakini pia hutiwa katika supu, mchuzi na uji. Aina zinazojulikana zaidi duniani ni Marmite ya Uingereza, Vegemite ya Australia na Cenovis ya Uswisi.

Chakula hicho kina sifa mbili. Kwanza, ladha yake ni kali kiasi kwamba watu wengi wanaokionja kwa mara ya kwanza hukikataa. Pili, kina vitamini nyingi za kundi B, na katika miaka ya 1930 kilisaidia kugundua tiba ya aina mojawapo ya upungufu wa damu inayowapata wanawake wajawazito.

Katika Afrika ya Mashariki rojo la hamira halimo katika mapishi ya kawaida. Huonekana hasa katika maduka makubwa ya mijini. Vijijini, kwa mfano katika kata ya Haneti, Wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma, watu wengi hawajawahi kuliona. Hata hivyo, elimu iliyotokana nalo imefika huko kwa njia ya vidonge wanavyopewa wajawazito kliniki.

Historia

Hamira ni kuvu wadogo sana wa seli moja. Aina inayotumika zaidi katika mikate na bia huitwa Saccharomyces cerevisiae. Wakati wa kutengeneza bia hamira hula sukari ya nafaka, hutoa alkoholi na hewa ya kaboni dioksidi, na huongezeka sana. Kwa hiyo kiwanda cha bia hubaki na hamira nyingi kuliko ile iliyotiwa mwanzoni. Kwa muda mrefu mabaki hayo yalitupwa au kupewa mifugo.

Mwanakemia Mjerumani Justus von Liebig (1803–1873) alionyesha kwamba hamira inaweza kukolezwa ikawa chakula cha binadamu, chenye ladha inayokaribia ile ya mchuzi wa nyama. Mwaka 1902 kampuni ya Marmite ilianzishwa katika mji wa Burton upon Trent, Uingereza. Mji huo ulichaguliwa kwa sababu ulikuwa na viwanda vingi vya bia, hivyo hamira ilipatikana karibu. Jina linatokana na neno la Kifaransa lenye maana ya chungu cha kupikia chenye mfuniko, na picha ya chungu hicho ingali kwenye chupa hadi leo.

Tangu mwaka 1912, elimu ya vitamini ilipoanza kuenea, rojo la hamira lilipata sifa mpya. Katika Vita Kuu ya Kwanza askari wa Uingereza walipewa Marmite kama sehemu ya posho yao, kwa sababu ilisaidia kuzuia beriberi, ugonjwa unaotokana na ukosefu wa vitamini B1.

Vita hivyo vilivuruga usafirishaji wa Marmite hadi Australia. Mfanyabiashara Fred Walker wa Melbourne alimwajiri mwanakemia Cyril Callister ili atengeneze chakula cha namna hiyo kutokana na hamira ya viwanda vya nyumbani. Bidhaa yake, Vegemite, iliingia sokoni mwaka 1923. Mwanzoni haikununuliwa sana, lakini baadaye ikawa chakula cha kila siku cha Waaustralia.

Utegemezi wa rojo hili kwa bia ulionekana wazi wakati wa janga la UVIKO-19. Nchini Afrika Kusini serikali ilipiga marufuku uuzaji wa pombe kwa vipindi kadhaa katika miaka 2020 na 2021. Viwanda vya bia vilipopunguza kazi, hamira ilikosekana na Marmite ikaadimika madukani.

Utengenezaji

Hamira hutiwa chumvi na kupashwa joto la wastani. Seli zake hufa, na vimeng'enya vilivyomo ndani yake huanza kuvunja protini za seli zenyewe kuwa asidi amino. Maganda magumu ya seli hutenganishwa na kuondolewa. Kimiminika kinachobaki hupunguzwa maji mpaka kiwe kizito kama asali. Mwishoni huongezwa viungo, dondoo za mboga na mara nyingi vitamini.

Mojawapo ya asidi amino zinazopatikana ni asidi ya glutamiki. Mwaka 1908 mwanakemia Mjapani Kikunae Ikeda alieleza kwamba asidi hiyo ndiyo chanzo cha ladha aliyoiita umami, iliyo tofauti na utamu, uchachu, uchungu na chumvi. Ladha hiyo imo pia katika dagaa waliokaushwa, nyanya zilizoiva, uyoga na supu ya mifupa. Hivyo mtu ambaye hajawahi kuonja rojo la hamira anaweza kuwa anaijua sehemu ya ladha yake, hasa kwa kuwa viungo vingi vya unga au vya vipande vinavyouzwa madukani kwa ajili ya mchuzi hutiwa glutameti au kiini cha hamira.

Kuonja kwa mara ya kwanza

Anayekutana na rojo la hamira kwa mara ya kwanza mara nyingi hudanganywa na macho. Kwa rangi na uzito wake linafanana na jamu, chokoleti ya kupaka au asali nyeusi. Mtu huchota kijiko kizima akitarajia utamu, kisha hukutana na chumvi kali, uchungu kidogo na harufu ya chachu. Tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichoonjwa huongeza mshtuko, na wengi hawarudii tena.

Wenyeji wa chakula hicho hawakili namna hiyo. Mkate huchomwa kwanza, ukapakwa siagi ungali moto, kisha rojo hukwanguliwa juu yake kwa ncha ya kisu mpaka ibaki rangi tu. Mafuta ya siagi hupunguza ukali wa chumvi. Njia nyingine ni kuyeyusha nusu kijiko cha chai katika kikombe cha maji ya moto na kunywa kama supu. Huko Singapuri na Malaysia hutiwa katika uji wa wali usio na sukari.

Kampuni ya Marmite yenyewe imekubali hali hiyo: tangu mwaka 1996 matangazo yake nchini Uingereza yamesema wazi kwamba watu ama hulipenda ama hulichukia.

Kupenda au kukataa chakula cha namna hii si jambo la kuzaliwa nalo tu. Utafiti umeonyesha kwamba ladha za vyakula anavyokula mama humfikia mtoto tumboni na katika maziwa, na kwamba mtoto huhitaji mara nyingi kuonja chakula kigeni mara 8 hadi 15 kabla ya kukikubali. Waaustralia na Waingereza wanaopenda rojo la hamira kwa kawaida walianza kulila utotoni.

Ulinganisho na mlenda

Katika nyanda za kati za Tanzania mfano wa karibu ni mlenda, mboga inayoliwa sana na Wagogo na majirani wao. Hupikwa kwa majani ya mimea kadhaa ya porini na ya shambani, hasa jamii za Corchorus na za ufuta wa porini, na huliwa kwa ugali wa mtama, uwele au mahindi. Majani huvunwa wakati wa mvua, yaani takriban Desemba hadi Aprili, hukaushwa juani, hutwangwa na kuwekwa akiba kwa ajili ya kiangazi. Mara nyingi hutiwa magadi na karanga zilizosagwa.

Mlenda huvutika na kuteleza. Mgeni anayeletewa kwa mara ya kwanza huko Haneti au kwingineko Ugogo anaweza kushindwa hata kuukata kwa tonge, achilia mbali kuumeza, wakati mtoto wa mwenyeji anaumaliza bila shida. Kama ilivyo kwa rojo la hamira, kuna namna ya kuula: tonge hubonyezwa kwa kidole gumba, huchovywa, kisha huzungushwa ili kukata uzi wa mlenda. Mgeni aliyefundishwa namna hiyo hupata nafasi ya kuonja ladha yenyewe. Vyakula vyote viwili huonyesha kwamba kinachoitwa kibaya na mgeni huenda ni kisichozoeleka tu.

Lucy Wills na damu ya wajawazito

Mwaka 1928 daktari Mwingereza Lucy Wills (1888–1964) alikwenda Bombay (leo Mumbai), Uhindi, kuchunguza upungufu mkali wa damu uliowapata wanawake wajawazito, wakiwemo wafanyakazi wa viwanda vya nguo. Seli nyekundu za damu yao zilikuwa kubwa kupita kawaida lakini chache, na wengi walikufa. Ugonjwa uliwapata zaidi maskini, ambao chakula chao kilikuwa duni, hivyo Wills alishuku lishe badala ya vijidudu.

Aliwalisha wanyama wa maabara chakula kilichofanana na cha wanawake hao, nao wakaugua vivyo hivyo. Alijaribu vitamini zilizojulikana wakati ule, lakini hazikusaidia. Alipojaribu Marmite, iliyokuwa ya bei nafuu, wanyama walipona. Kisha aliwapa wagonjwa, na wengi walipata nafuu haraka. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1931. Kwa kuwa kiini kinachoponya hakikujulikana, kiliitwa "kipengele cha Wills".

Mwaka 1941 wanasayansi wa Marekani walikitenga kutoka majani ya spinachi na kukiita asidi ya foliki, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya jani. Mwaka 1945 iliwezekana kuitengeneza kiwandani. Mwaka 1991 utafiti mkubwa ulithibitisha kwamba mwanamke anayeitumia kabla ya kushika mimba na katika wiki za mwanzo hupunguza sana hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi.

Foleti katika Tanzania

Nchini Tanzania wajawazito hupewa vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki, vinavyojulikana kama FEFO, katika zahanati na vituo vya afya. Kanuni za mwaka 2011 ziliagiza pia unga wa ngano na wa mahindi wa viwandani uongezwe virutubishi, pamoja na asidi ya foliki. Lakini unga wa mtama, uwele au mahindi unaosagwa kwenye mashine ya kijiji kwa kawaida hauongezwi chochote.

Foleti ya asili imo katika kunde, maharagwe, karanga, maini na majani mabichi. Hata hivyo, jua na kuchemsha kwa muda mrefu huipunguza. Kwa sababu hiyo mboga iliyokaushwa, ambayo ni tegemeo la kiangazi mkoani Dodoma, haiwezi kuhesabiwa sawa na majani yaliyochumwa siku hiyo, ingawa ina faida nyingine. Mama anayengoja miezi kadhaa kabla ya kuanza kliniki huwa amepita wiki ambazo uti wa mgongo wa mtoto unaumbwa, kwa kuwa hatua hiyo hukamilika takriban siku 28 baada ya mimba kutungwa.

Pombe ya kienyeji ya mtama hunywewa pamoja na hamira yake, tofauti na bia ya kiwandani inayochujwa, hivyo ina vitamini B zaidi. Hilo halifanyi pombe kuwa dawa: alkoholi humdhuru mtoto aliye tumboni na huzuia mwili kutumia foleti vizuri.

Tahadhari

* Chumvi: gramu 100 za Marmite zina takriban gramu 10 za chumvi. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Wenye shinikizo la damu watumie kidogo sana, na watoto wachanga wasipewe.
* Dawa: rojo la hamira lina tairamini nyingi. Kwa wanaotumia baadhi ya dawa za zamani za sonona, inaweza kupandisha shinikizo la damu ghafla.
* Jongo: purini zilizomo katika hamira huweza kuzidisha ugonjwa huo.
* Gluteni: aina nyingi hutokana na bia ya shayiri, hivyo hazifai kwa wasioweza kula gluteni.
* Vitamini B12: hamira haina vitamini hiyo kwa asili. Iliyomo katika baadhi ya chapa imeongezwa kiwandani, jambo ambalo wasiokula nyama wanapaswa kulithibitisha kwa kusoma lebo.

Rojo la hamira si mbadala wa vidonge vinavyotolewa kliniki. Kiasi kinachopakwa kwenye mkate ni kidogo, na kuongeza kiasi hicho ili kupata foleti ni kuongeza chumvi pia.