Msalaba wa Tomar katika Pwani Yetu

Sisi tukaao Matemwe, tukikata kisiwa kwenda upande wa machweo, twafika Fukuchani, mahali palipo magofu ya nyumba ya mawe ambayo watu huiita Nyumba ya Wareno. Wataalamu waliochimba pale wasema kwamba nyumba ile, pamoja na mwenziwe ya Mvuleni, ni kazi ya Waswahili wenyewe wa karne ya 16. Mreno amepewa sifa isiyo yake. Hata hivyo jina hilo lina sababu, kwani Wareno walikuja kweli, na katika matanga ya vyombo vyao palikuwa na msalaba mwekundu. Watoto wa mafundisho hutuuliza msalaba ule ulikuwa wa nani. Basi katika kitabu hiki cha jubilei twaona yafaa kuwajibu.

Msalaba ule ulikuwa wa Shirika la Kristo, na mzazi wa shirika hilo ni Shirika la Hekalu. Yapata mwaka 1119, huko Yeruzalemu, Hugues de Payens na wenzake wachache waliweka nadhiri kama watawa, za ufukara, useja na utii. Lakini pamoja na nadhiri hizo wakashika upanga, ili wawalinde mahujaji njiani. Jambo hili lilikuwa geni hata kwa Wakristo wa zamani zile, mtu mmoja kuwa mtawa na askari. Shirika likapata mali nyingi, na mali ikaleta husuda. Mfalme Filipo IV wa Ufaransa, aliyekuwa na deni kwao, aliwakamata tarehe 13 Oktoba 1307, na mwaka 1312 Baba Mtakatifu Klementi V akalivunja shirika lote.

Mfalme Dinis wa Ureno hakupenda mali ile itoke katika nchi yake. Akapeleka maombi, na mwaka 1319 Baba Mtakatifu Yohane XXII akaunda Shirika la Kristo, nalo likarithi ngome na mashamba ya Hekalu katika Ureno. Makao yake yakawa baadaye Tomar, katika ngome ile ile waliyoianza watu wa Hekalu mwaka 1160. Kwa hiyo jina lilikuwa jipya, nyumba ilikuwa ya zamani.

Tangu mwaka 1420 msimamizi wa shirika alikuwa Henrique, mwana wa mfalme, naye akayatia mapato yake katika safari za baharini. Sasa walimu na waliangalie sana neno hili. Mwaka 1456 Baba Mtakatifu Kalisti III alilipa shirika mamlaka ya mambo ya roho katika nchi zilizovumbuliwa na zitakazovumbuliwa, mpaka kwa Wahindi. Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi Aprili 1498. Maana yake ni kwamba miaka 42 kabla ya mtu wa pwani hii kuona tanga la Mreno, katika karatasi sisi tulikwisha kukabidhiwa Tomar. Mwenye kondoo hajui hata zizi liko wapi!

Na waliotangulia kuja hawakuja kwa kubisha hodi. Mwaka 1503 Ruy Lourenço Ravasco aliteka vyombo katika maji ya Unguja, akamlazimisha mtawala kutoa mithkali 100 za dhahabu kila mwaka. Mwaka 1505 Francisco de Almeida alizipiga Kilwa na Mombasa. Mapadre Waagostino walipofika kukaa Mombasa, mwaka 1597, mizinga ilikuwa imekwisha kusema kwa karibu miaka mia.

Lakini yuko mtu mmoja wa pwani yetu aliyeuvaa msalaba huo kifuani, na habari zake zatutia huzuni kuliko zote. Sultani Hassan bin Ahmad wa Mombasa aligombana na kapteni wa Ngome ya Yesu, akakimbilia bara, na huko akauawa kwa hila ya Wareno mwaka 1614. Mwanawe Yusuf, mtoto wa miaka kama saba, alipelekwa Goa. Waagostino wakamlea, wakambatiza jina la Jerónimo. Akajifunza kazi ya mizinga katika vyombo vya Wareno, akafanywa askari wa Shirika la Kristo. Mwaka 1626 alirudishwa Mombasa kuwa mfalme, naye alikuwa na mke, kwa sababu tangu mwaka 1496 askari wa shirika walikuwa wameruhusiwa kuoa.

Fikirini hali yake. Wale waliompa msalaba ndio waliomwua baba yake. Kapteni alimdharau, na raia zake walimwona mgeni. Kisha ikajulikana kwamba huenda kusali kwa desturi ya Kiislamu penye kaburi la baba yake, naye akaogopa kushtakiwa Goa. Katikati ya Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamchoma kapteni Pedro Leitão de Gamboa. Wakristo waliokataa kuiacha dini yao wakauawa, mapadre, wanawake na watoto, Wareno na Waafrika pamoja. Mwaka 1632 ushahidi juu yao ulikusanywa Goa.

Wako wamwitao Yusuf mwasi tu, na wako wamwitao shujaa tu. Sisi hatukubali lolote katika hayo mawili. Mwafrika aliyebatizwa, akachagua kufa, hakuwa mtumishi wa kapteni. Na damu ya Hassan haikuwa maji.

Wareno walikuja kuizingira Mombasa mapema mwaka 1632, wakashindwa. Kisha Yusuf mwenyewe akaondoka, akatangatanga baharini, akafa mwaka 1638 pande za Bahari ya Shamu. Ngome ilitwaliwa na Waomani Desemba 1698, baada ya mazingira ya karibu miaka mitatu. Shirika nalo, kwa namna yake ya kitawa, lilivunjwa katika Ureno mwaka 1834. Jina lake leo ni la nishani itolewayo na Rais wa nchi ile.

Kwetu Unguja Wareno walikuwa na kanisa dogo karibu na pwani ya Mjini. Waomani walijenga Ngome Kongwe mahali pale pale, na vipande vya kuta za kanisa vimo katika kuta za ngome. Mwalimu awapelekaye watoto mjini aweza kuwaonyesha.