Muhuri, Lakiri na Kiapo: Historia ya Cheo Kisicho na Jina Moja

Mtu wa Kasokola aliyepotelewa na cheti, au anayetaka kuthibitisha kwamba majina mawili yaliyomo katika karatasi zake ni ya mtu mmoja, huambiwa maneno machache: "Nenda kwa wakili ukapigiwe muhuri." Hatajiwi cheo cha atakayempokea wala kazi atakayofanyiwa, hutajiwa chombo tu. Katika makala haya twakusudia kueleza historia ya chombo hicho na ya mwenye kukishika, kwa kuwa twaona kwamba chombo kimekifunika cheo, na kazi yenyewe imesahauliwa.

Vyombo vya kazi hii vilipata majina mapema. Pwani yetu ilikuwa na makadhi, makarani na mashahidi muda mrefu kabla ya serikali za Kizungu, na hati za madeni, za mauzo ya mashamba na za wakfu ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kutoka Kiarabu tulipata hati, shahidi, wakili, karatasi na kalamu. Muhuri asili yake ni Kiajemi. Daftari nalo lilitufikia kwa njia ya Kiajemi na Kiarabu, ingawa mzizi wake wa mbali ni neno la Kiyunani lenye maana ya ngozi. Lakiri tulipewa na Wareno; kwao lilikuwa jina la kitu chekundu kiyeyushwacho kwa moto na kugandishwa juu ya waraka ili usifunguliwe kwa siri. Stempu ilikuja na Waingereza. Katika orodha hii yote, neno moja tu ni la Kibantu tangu asili: kiapo, kutokana na kuapa. Hapana shaka kwamba wazee wetu waliapa kabla ya kujua karatasi.

Cheo chenyewe kilikuja baadaye. Kwa Warumi jina lake lilikuwa la mwandishi wa mkato, yaani karani aliyenasa maneno kwa alama. Katika nchi za bara la Ulaya alikua akawa ofisa mkubwa atungaye mikataba na kuitunza, na mfumo huo ndio Wabelgiji walioupeleka Kongo. Waingereza walimpa nafasi ndogo zaidi. Sheria waliyoiacha Tanganyika, ambayo sasa ni Sura ya 12 ya Sheria za Tanzania, iliviunganisha vyeo viwili katika mtu mmoja, naye sharti awe wakili: cha kwanza ni cha kuthibitisha hati, cha pili ni cha kuapisha. Cheo cha pili kimepata jina linaloeleweka, Kamishna wa Viapo. Cha kwanza kingali kikiitwa mthibitishaji, mthibitishaji wa umma, mthibitishaji hati, au kinaachwa kwa Kiingereza katika kibao cha mlangoni.

Njia ya kukifikia cheo hicho ni ndefu. Kabla ya mwaka 1961, Kitivo cha Sheria kilipofunguliwa Dar es Salaam, Mtanganyika aliyetaka kuwa wakili hakuwa na chuo kikuu cha kusomea sheria katika Afrika Mashariki. Tangu Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo iundwe kwa sheria ya mwaka 2007, mwenye shahada hupitia huko, kisha hukubaliwa na Jaji Mkuu na kuandikwa katika Daftari la Mawakili. Baada ya hapo hulipa ada na kupokea cheti cha uthibitishaji kwa Msajili wa Mahakama Kuu. Vyombo atakavyohitaji ni vichache: muhuri wa mpira wenye jina na cheo chake, kikasha cha wino, daftari la kazi, na pengine kile chuma cha mkono kinachobana karatasi hata alama ikajitokeza. Mwaka 1972 ilitungwa Sheria ya Ushuru wa Stempu, na kwa miaka mingi ushuru huo ulionekana kwa stempu iliyobandikwa juu ya hati. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Viapo navyo vyataka daftari.

Sasa turudi Kasokola, ambayo leo ni kata ya Manispaa ya Mpanda. Hadi mwaka 1974 makao ya mkoa wake yalikuwa Tabora. Mkoa wa Rukwa ulipoundwa, yakawa Sumbawanga. Tangu mwaka 2012, Mkoa wa Katavi ulipozaliwa, ni Mpanda penyewe. Ndiyo kusema kwamba kwa muda mrefu karatasi kubwa za watu wa huko zilisafiri mbali. Lakini muhuri haukuwa mgeni vijijini. Sheria ya Vijiji ya mwaka 1975 iliipa halmashauri ya kijiji kilichoandikishwa hadhi ya mtu kisheria, na barua za kijiji zikapigwa muhuri wa kijiji. Kwa hiyo wanavijiji wengi waliuzoea muhuri kabla ya kumwona wakili, wakauelewa kuwa ni alama ya ruhusa ya serikali.

Hapo ndipo kosa linapoingia. Muhuri wa mthibitishaji hautoi ruhusa. Unashuhudia kwamba mtu fulani alifika mbele yake, akatambulika, akaapa na kutia sahihi au dole gumba. Ndiyo sababu sheria yamtaka ataje kwa ukweli mahali na tarehe ya kiapo, na marekebisho ya mwaka 2016 yakamtaka aandike na jina lake. Anayetuma karatasi "ikapigwe muhuri" naye abaki nyumbani hajaapa, na hati yake yaweza kukataliwa mahakamani siku anapoihitaji kuliko siku zote. Aidha, mtu aliyetia dole gumba chini ya maneno ya Kiingereza asiyoyajua ameapa nini? Sheria ya Februari 2021, iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, imetuondolea udhuru.

Kwa hiyo twapendekeza kwa watafsiri na walimu mambo matatu. Kwanza, muhuri, lakiri na stempu visichanganywe: muhuri ni alama ipigwayo kwa wino, lakiri, ambayo maana yake imehama kutoka kwenye kile chekundu hadi kwenye alama rasmi yenyewe, ibaki kwa alama ya mamlaka au ya shirika, stempu ni kipande cha karatasi cha ushuru. Pili, cheo kiitwe mthibitishaji hati, kwa kuwa jina hilo lataja kitendo na kinachotendewa. Tatu, mtumishi aliye dirishani aache kusema "kapigiwe muhuri", aseme "kaape mbele ya Kamishna wa Viapo." Maneno yameongezeka kidogo, lakini mwananchi atajua kwamba anayetakiwa kufika ni yeye, si karatasi yake.