BENI YA FRERETOWN NA CHIMBUKO LA VYAMA VYETU



Kitabu cha taarifa ya mwaka huonyesha ada zilizokusanywa, wagonjwa waliotazamwa na misiba iliyosaidiwa. Yafaa pia kionyeshe desturi hiyo ilitoka wapi. Sehemu moja ya chimbuko lake ni jambo ambalo wengi wetu tumezoea kulihesabu kuwa mchezo tu, nalo ni beni za vijana, zilizoanza katika pwani yetu miaka ya 1890.

Mwaka 1873 Sir Bartle Frere alikwenda Unguja kumtaka Seyyid Barghash afunge biashara ya watumwa baharini, na mwaka huo huo mkataba ukatiwa sahihi. Watu waliookolewa katika majahazi walihitaji makao. Basi chama cha misheni cha CMS kikamtuma William Salter Price, aliyefika Mombasa mwaka 1874, na ardhi ikanunuliwa Kisauni, ng'ambo ya kisiwa. Mji ule ukaitwa Freretown. Wakazi wake wa kwanza walikuwamo Waafrika waliolelewa India, huko Bombay na Nasik. Wakafuatwa na Wayao, Wamakua, watu wa Nyasa na wengineo. Walikuwa huru, lakini hawakuwa na ukoo hapa, wala shamba la babu, wala mtu aliyelazimika kuwazika. Kengele iliyokuwa ikiwaonya na kuwakusanya ndiyo iliyolipa jina lake mahali tupaitapo Kengeleni.

Vijana wa misheni walifundishwa kusoma, kazi za mikono, na kupiga tarumbeta za shaba. Sauti ya bendi yao ilivuka maji. Huko kisiwani vijana wa mjini, walio wengi Waislamu, waliziacha nyimbo za kanisa wakatwaa kilichowapendeza: ngoma kubwa, mwendo wa gwaride na sare. Neno bendi likawa beni, na pande mbili mashuhuri zikasimama Mombasa, Kingi na Scotchi. Kila upande ulikuwa na mfalme wake, majenerali, makapteni na madaktari. Mtu aliyeshinda akibeba mizigo ya wengine mchana kutwa, jioni aliitwa kwa cheo na kupigiwa saluti.

Wazee wa wakati ule hawakufurahi. Pande hizo zilishindana kwa mavazi na karamu, na akina mama nao wakashindana katika lelemama, hata fedha ya nyumba ikateketea kwa ajili ya kumshinda jirani. Kwa hakika lawama hiyo ilikuwa na haki. Wahenga walisema, ngoma ikivuma sana hupasuka.

Lakini aliyesikia ngoma tu hakuona yote. Ndani ya beni mlikuwa na ada, viongozi waliochaguliwa na kazi zilizogawanywa. Mwanachama akiugua alitazamwa. Akifa alizikwa na wenzake. Vita vya 1914 hadi 1918 vilipowachukua askari na wapagazi mbali na makwao, beni ikasafiri nao. Tanganyika ikapata pande zake, Marini na Arinoti. Nyasa, ambako baadhi ya watu wa Freretown walikuwa wametekwa, ikapata malipenga, ambayo hupulizwa kwa vibuyu badala ya shaba. Mgeni aliyeingia mji asiojua mtu aliuliza wenzake wa beni wako wapi, akapata pa kulala. Mwanachuo Terence Ranger, aliyeichunguza habari hii kwa muda mrefu na kuitolea kitabu mwaka 1975, alionyesha kwamba beni ilikuwa shule ya kujiendesha wenyewe.

Serikali za kikoloni zililiona hilo mapema. Mwaka 1935 wafanyakazi wa migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, walipogoma, tume iliyoundwa ilihoji habari za chama cha mbeni. Watawala hawakuogopa kelele za ngoma. Waliogopa watu walioweza kukusanyana, kuchanga na kutii viongozi wao wenyewe bila ya kuamriwa na bwana.

Muziki wa Freretown nao haukufa. Katika mji ule ule Mzee Joseph Ngala alipiga saksafoni na kuupa mwambao muziki wa bango, ambao watu wa bara na wa kisiwani huucheza katika arusi na mikusanyiko yao.

Kutokana na habari hii yako mambo mawili ya kufikiriwa. La kwanza, majenerali na wafalme wa beni wanajulikana Freretown na mjini kwa vyeo vyao kuliko kwa majina yao. Basi kila tawi, tangu Likoni hata Changamwe na Kisauni, limwulize mzee aliye hai ni nani katika jamaa yake aliyepiga ngoma au tarumbeta, na jibu liandikwe daftarini kama inavyoandikwa ada. La pili, vijana wakija kuomba ukumbi kwa magita na vyombo vyao vya kelele, tusiwafukuze mlangoni. Tuwaulize kwanza kama wana mweka hazina, na kama mwenzao akifa wataweza kumzika. Wakiwa nayo hayo, hao ni wenzetu. Wasipokuwa nayo, kazi yetu ni kuwafundisha.