Kasri la Mtoni: Bustani Ile Ilikuwa ya Nani?

Kaskazini ya mji wa Zanzibar, kando ya bahari, yamesimama magofu ya Kasri la Mtoni. Seyyid Said bin Sultan alianza kulijenga mwaka 1828, likawa makao yake ya shamba. Katika mafunzo yetu ya siasa tunakutana na misimamo miwili juu ya magofu haya. Wapo wanaotaka yabomolewe kwa kuwa ni mabaki ya usultani. Wapo pia wanaoyatazama kwa mapenzi na kuusifu uzuri wa enzi ile. Yote miwili ni misimamo potofu, maana haiulizi swali la msingi: nani aliuzalisha uzuri huo?

Shahidi wetu ni Salme binti Said, aliyezaliwa humo mwaka 1844. Kumbukumbu zake, zilizochapwa kwa Kijerumani mwaka 1886, zinasimulia ua mpana wenye tausi, swala, mbuni na heroe, hamamu nyingi, baraza linaloelekea baharini, na wakazi wapatao elfu moja. Tumsome, lakini tukumbuke alikuwa ameketi upande gani. Katika kitabu hichohicho aliutetea utumwa. Na mama yake mwenyewe, Jilfidan, alikuwa Mcherkesi aliyetekwa vitani akiwa mtoto, akauzwa. Ukinzani wa mfumo ule haukuishia nje ya ukuta. Ulilala ndani ya kasri.

Sasa tuutazame msingi wa uchumi. Kasri lilisimama juu ya karafuu. Enzi za Seyyid Said mikarafuu ilienea Unguja na Pemba. Karafuu huchumwa kwa mkono, tawi kwa tawi, kisha huanikwa juani. Msimu ukifika, kazi hudai mikono mingi kwa mara moja, na mikono hiyo ilinunuliwa sokoni, ya watu walioletwa kutoka bara. Ziada iliwaendea Sultani, wenye mashamba na wafanyabiashara. Mabepari wa ng'ambo nao hawakuwa mbali: mkataba wa biashara na Marekani ulitiwa saini mwaka 1833.

Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na amri ya kuondoa utumwa ikatolewa mwaka 1897. Lakini ardhi ilibaki mikononi mwa wachache. Ni baada ya Mapinduzi ya 1964 ndipo ilipotaifishwa na wakulima wakagawiwa ekari tatu tatu.

Tunapata mafunzo matatu. Kwanza, kila jengo la fahari ni jasho lililogandishwa. Kada asitazame nguzo akamsahau aliyebeba jiwe. Pili, adui ni mfumo wa unyonyaji, wala si nasaba ya mtu. Anayeigeuza historia hii kuwa chuki ya kabila hajamwelewa hata Jilfidan. Tatu, magofu yahifadhiwe, kwa sababu waliojenga hawakuachiwa kalamu. Mawe haya ndiyo ushahidi wao.

Nasi viongozi tujipime hapo. Azimio la Arusha la 1967 lilimtaka kiongozi awe mkulima au mfanyakazi, asishiriki ubepari wala ukabaila. Anayejistawishia bustani kwa jasho la wengine anaijenga Mtoni upya, hata akivaa sare ya Chama.