Mkorosho Chini ya Waya

Machi 1866, David Livingstone aliteremka Mikindani akiwa na ngamia, nyati wa kufugwa, nyumbu na punda. Alikusudia kuufuata Mto Ruvuma hadi bara, lakini hazikupita siku nyingi kabla hajakwama. Njia zilikuwepo, tena zikipitwa kila siku na wenyeji. Tatizo ni kwamba zilikuwa njia za mtu mmoja mwenye mzigo kichwani, na juu yake matawi na miiba vimefungamana. Ngamia aliyebebeshwa hakuweza kupenya. Livingstone akawaajiri vijana wa Kimakonde wapatao 10 wamfungulie njia, kwa ujira wa yadi moja ya kitambaa cha pamba kwa siku. Katika shajara yake aliwasifu kwa moyo mkunjufu. Aliona kuwa walikuwa wazoefu wa kufyeka mashamba, walibeba vishoka vya kazi hiyo hasa, na mti mkubwa ulipotokea walichukua shoka kubwa wakaumaliza.

Ni miongoni mwa kumbukumbu za mwanzo zilizoandikwa kuhusu watu wa nchi hii kulipwa ili wakate matawi yaliyo juu ya njia. Leo kazi hiyo inaendelea kusini mwa Tanzania, kuanzia Lupaso na Ndanda chini ya Uwanda wa Makonde hadi Newala na Tandahimba juu yake, ila kinachohitaji nafasi sasa ni waya wa umeme. Mafundi huiita nafasi hiyo mkuza: ukanda unaoachwa wazi chini na kandokando ya laini, ambamo mti haupaswi kukua ukafika kwenye nyaya. Kuuweka mkuza wazi katika nchi ya mikorosho ni kazi ngumu kuliko inavyosikika, na ugumu wake una historia ndefu.

Uwanda wa Makonde ulikuwa nchi ya pori la kujihifadhi. Karl Weule, mtafiti Mjerumani aliyekaa Masasi na Newala mwaka 1906, alishangazwa na vichaka vya huko, vizito kiasi kwamba aliyetoka nje ya njia hakuweza kusonga. Aliona pia kwamba vichaka hivyo vilitokana na kilimo chenyewe: watu walifyeka, wakachoma, wakalima misimu michache, kisha wakahamia kwingine, na pori likarudi likiwa zito kuliko la awali. Pori hilo liliwafaa. Katika karne ya 19, wakati wa misafara ya watumwa na mashambulizi ya Wangoni, lilikuwa boma lisilohitaji kujengwa. Mtu wa uwandani alijua tangu utotoni apunguze wapi ili apite yeye, na aache wapi ili adui asipite. Na kukata kulikuwa na mipaka yake. Kwa Wayao na Wamakua wa upande wa Masasi, shina la msolo lilikuwa mahali pa kuweka unga na kuwaomba wazee waliotangulia. Mti wa namna hiyo hakuna aliyeugusa kwa panga ovyo.

Kisha ukaja mti uliobadili kila kitu. Wareno waliuleta mkorosho pwani ya Afrika Mashariki kutoka Brazili katika karne ya 16, lakini kusini mwa Tanganyika ulishika hasa kama zao la biashara baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Udongo wa kichanga wa uwanda uliupenda. Familia zilizozoea kuhama na kuacha vichaka nyuma zikaanza kuacha miti yenye thamani, na thamani hiyo ikapata sheria zake. Mikorosho ilirithiwa, ikawekwa rehani, ikakodishwa kwa msimu na ikauzwa kwa idadi ya mashina. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho, sehemu kubwa kutoka kusini.

Jirani ya Masasi, pale Nachingwea, serikali ya Uingereza ilikuwa imejaribu njia nyingine ya kushughulika na miti. Mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947 ulileta matrekta na mabuldoza yang'oe pori lote, mzizi kwa tawi. Ukafutwa mwaka 1951 baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 30. Mkorosho, ambao haukuhitaji buldoza hata moja, ukaendelea kuzaa.

Miaka ya 1970 ndiyo iliyoupeleka mti barabarani. Mtwara ilitangulia mikoa mingi kuingia katika vijiji vya ujamaa, kwa sababu ya itikadi na pia kwa sababu vita vya ukombozi wa Msumbiji vilikuwa ng'ambo tu ya Ruvuma. Watu walihamishwa kutoka mashambani kwao wakapangwa kwa mistari kando ya barabara. Kila kaya ilipanda kivuli chake mbele ya nyumba: mwembe, mfenesi, mwarobaini, mjohoro, na mkorosho mmoja au miwili ya karibu. Miche iligawiwa na kampeni za serikali, na kila mtu aliijua kauli ya kata mti, panda mti. Hakuna aliyepanda akifikiria nyaya, kwani nyaya hazikuwepo. Wakati huohuo mikorosho ya zamani iliachwa kilomita kadhaa nyuma, haipaliliwi wala haipogolewi. Ikarefuka, matawi yakaingiliana, chini kukawa giza.

Katika giza hilo ukaingia ubwiriunga. Ugonjwa huu wa ukungu, unaofunika maua na majani machanga kwa unga mweupe, uligunduliwa nchini mwaka 1979, na ulipokutana na mikorosho iliyosongamana ulifanya uharibifu mkubwa. Ukichanganya na kuhamishwa kwa wakulima na bei duni za mamlaka za wakati ule, mavuno ya taifa yaliporomoka hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Salfa ndiyo inayokumbukwa zaidi kama dawa iliyoliokoa zao. Lakini watafiti wa Kituo cha Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, walihimiza jambo lingine pamoja na salfa: punguzeni miti iliyosongamana, pogoeni, hewa na jua vipenye. Kizazi kizima cha wakulima wa Masasi, Newala na Tandahimba kikajifunza kuutazama mkorosho kutoka chini na kuamua tawi lipi liondoke. Elimu hiyo ni hazina, na ilikuwa imeenea vijijini kabla ya nguzo ya kwanza ya umeme kusimamishwa katika vingi kati ya vijiji hivyo.

Umeme ulichelewa. Dar es Salaam iliwashwa taa na Wajerumani mwaka 1908, na shirika la umeme la TANESCO likaanzishwa mwaka 1931, lakini kusini kulibaki mbali na gridi kwa miongo mingi. Wamisionari wa Kibenediktini wa Ndanda walitumia maji yanayoporomoka kutoka uwandani kuzalisha umeme wao wenyewe. Mji wa Masasi ulitegemea majenereta ya dizeli. Mabadiliko yalianzia Mnazi Bay, ambako gesi iligunduliwa mwaka 1982 na kuachwa ardhini kwa zaidi ya miaka 20, hadi ilipoanza kuzalisha umeme mjini Mtwara katikati ya miaka ya 2000. Kutoka huko laini za kilovolti 33 zikavutwa kwenda bara.

Hapa Lupaso ina nafasi yake. Kijiji hiki cha Masasi ndiko alikozaliwa Benjamin William Mkapa mwaka 1938, na ndiko alikozikwa Julai 2020. Mwaka wa mwisho wa urais wake, 2005, ndio ilipopitishwa Sheria ya Nishati Vijijini, iliyozaa Wakala wa Nishati Vijijini (REA). REA ilianza kazi mwaka 2007, na vijiji vya wilaya hizi vikapata nguzo kimoja baada ya kingine. Nguzo zilifuata barabara, kwa sababu huko ndiko watu waliko na gari la nguzo linakofika. Zilikuta miembe na mijohoro ya miaka ya 1970 ikiwa imekomaa.

Malalamiko ya vijijini lazima yaelezwe kwa haki. Wananchi waliunganishiwa umeme kwa shilingi 27,000, bei nafuu sana, lakini waliambiwa pia kwamba miradi ya REA haina fidia: laini ni huduma kwa kijiji, na kijiji kinatoa njia. Kwa mwembe wa kivuli mtu huweza kukubali. Kwa mkorosho ni vigumu. Mwaka 2017, bei minadani ilipopita shilingi 4,000 kwa kilo, tawi moja kubwa lililokuwa likikatwa lilikuwa na hesabu yake ya fedha, na mwenye mti aliifanya hesabu hiyo akiwa amesimama palepale. Si haki kumwita mtu huyo adui wa maendeleo.

Lakini upande wa pili una uzito wake. Nyaya za kilovolti 33 ni tupu, hazijavikwa mpira wowote. Tawi bichi lina maji, na maji yana chumvi, hivyo tawi linapougusa waya mkondo hupata njia ya kwenda ardhini. Kwa msongo huo hata kugusana si lazima: likisogea karibu mno, umeme huruka. Vifaa vya ulinzi vinahisi hitilafu na kuizima laini. Kwa kuwa laini za kusini ni ndefu na nyingi zinalishwa kutoka upande mmoja tu, tawi moja porini linaweza kuwanyima umeme watu walio makumi ya kilomita mbele. Jua kali na matumizi makubwa huongeza shida, maana waya ukipata joto hurefuka na kulegea, na mti uliokuwa salama asubuhi huenda usiwe salama mchana. Jambo hilihili liliwahi kuangusha mitambo mikubwa kuliko yetu. Tarehe 14 Agosti 2003 nyaya za jimbo la Ohio, Marekani, zililegea zikagusa miti iliyoachwa ikue, na ndani ya saa chache watu wapatao milioni 50 wa Marekani na Kanada walikuwa gizani.

Newala hawahitaji kusimuliwa habari za Ohio. Uwanda hauna mto. Maji yake hupandishwa kwa pampu kutoka bondeni, hasa chanzo cha Mitema, kupitia mradi wa maji wa Makonde ulioanza miaka ya 1950. Pampu zikikosa umeme, bomba linakauka, na kinachorudi ni ndoo na safari ya kuteremka bondeni.

Namna ya kukata ndiyo inayoamua kama kazi imefanyika au imeahirishwa. Kibarua mwenye haraka huukata mkorosho kichwa. Baada ya mvua moja, pale penye jeraha hutoka machipukizi marefu, yamesimama wima, yakikimbilia juu kwa kasi kuliko tawi lililoondolewa, na yameshikwa na gome tu. Mwaka unaofuata yanagusa waya, na upepo ukija ndiyo ya kwanza kung'oka. Mpogoaji mzuri hufanya vingine. Huanza kwa kuchanja tawi upande wa chini, umbali kidogo kutoka shinani, kisha hukata kutoka juu, ili tawi linapoanguka lisichane gome hadi kwenye shina. Kipande kilichobaki hukiondoa kwa mkato wa tatu, akiacha lile duara lililovimba ambapo tawi liliungana na mti, kwa sababu hapo ndipo kidonda hufunga. Huondoa matawi yanayoelekea juu kwenye waya na kuacha yanayotambaa pembeni. Mkorosho hauoni taabu kutanuka ubavuni, na ndivyo mkulima anavyoupenda.

Haya yote hufanyika laini ikiwa imezimwa, imepimwa na kuunganishwa na ardhi na mafundi wenyewe. Mwenye shamba, hata awe bingwa wa kupogoa, asikwee mti uliofika kwenye nyaya. Vivyo hivyo kwa mtoto mwenye ngoe anayechuma maembe: ngoe ndefu mbichi chini ya laini kubwa inaweza kumuua bila yeye kuugusa waya. Waya ukianguka, watu wakae mbali nao na wazuie wengine hadi mafundi wafike, kwani udongo unaouzunguka nao una umeme.

Kuna miti mingine ya kuangaliwa, nayo ni nguzo zenyewe. Kwa miaka mingi zimekuwa za mikaratusi kutoka nyanda za juu kusini, zilizolowekwa dawa ya kuzuia mchwa. Dawa haizuii moto. Agosti hadi Oktoba, mashamba yanaposafishwa kwa kuchomwa, nyasi zilizoachwa shinani mwa nguzo huipeleka laini nzima chini. Nguzo za zege zinaanza kuchukua nafasi, lakini mkuza bado unahitaji kufyekwa chini sawa na unavyohitaji kupogolewa juu.

Ugomvi mkubwa wa sasa ni wa kalenda. Mafundi wangependa kukata kabla ya mvua na pepo zake, yaani Oktoba na Novemba, na hiyo ndiyo miezi ambayo korosho zinaanguka na ghala zinafunguliwa. Wakija wakati huo wanakata mavuno. Kuna dirisha lingine, kati ya Januari mavuno yanapoisha na Juni maua yanapoanza, ambalo wakulima wenyewe hulitumia kupogoa. Ratiba ya laini ikipangwa pamoja na serikali ya kijiji ndani ya miezi hiyo, mwenye mti ataarifiwa mapema, ataonyesha tawi ambalo yeye mwenyewe angelitoa, na kuni zitabaki kwake. Kazi itakayosalia kwa Oktoba ni ya kupitia laini na kuondoa machipukizi machache.

Suala hili litazidi kuwa kubwa. Mpango wa kuivuta gridi kwa laini ya kilovolti 220 kutoka Songea kupitia Tunduru hadi Masasi unadai mkuza mpana zaidi, usio na mti mrefu hata mmoja, na kwa laini za namna hiyo mashina huhesabiwa na kulipwa fidia. Jirani aliyetoa mikorosho yake bure kwa nguzo za kijiji ataiona hesabu hiyo ikifanyika, naye atauliza.